Swali la Daktari na Miguu ya Nafula

Mdogo wangu Nafula alijifunza kuhesabu hadi mia moja akiwa amesimama mgongoni mwangu. Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipofanywa bila karo. Aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka saba, bila viatu, na daftari moja ambalo mbele aliandika hesabu na nyuma akaandika Kiswahili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba alikufa kwanza, Mama akamfuata wakati Nafula hajaanza kutembea, nami nikatoka kidato cha pili nikawa mkubwa wa nyumba yetu ya chumba kimoja na jiko, mtaa wa Matisi, Kitale. Baada yangu kuna Wekesa, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya useremala, kisha Naliaka, aliyekuwa bado shuleni, kisha huyo Nafula.

Msimu wa mavuno nilikuwa nikienda mashamba ya mji wa Kwanza kuvuna mahindi kwa kibarua. Tulikuwa tukivunja mahindi, tukijaza gunia hadi nusu, tukibeba mgongoni mpaka penye trela. Jioni kila mmoja alirudi ameshika kiuno, kwa hiyo mgongo wangu ulipoanza kuuma sikushtuka. Kwetu mgongo wa kazi una dawa moja isiyohitaji hospitali. Unalala kifudifudi mkekani, mtoto mwepesi anapanda juu yako, anatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, anageuka, anarudi. Mimi nilimfanyia Baba hivyo nikiwa mdogo. Sijui nyumba ambayo haijawahi kufanya.

"Nafula! Kuja unikanyage kidogo."

"Leo mpaka ngapi?"

"Mpaka hamsini."

"Hamsini ni kidogo, Dada. Mimi nimefika mia."

"Haya, mia. Lakini usiruke."

"Siruki, bana."

Naliaka, kutoka jikoni, alikuwa akitucheka. "Akikosea namba anaanza tena moja. Dada, wewe utalala hapo mpaka kesho."

Zile zilikuwa jioni nzuri. Nazikumbuka kwa uzuri wake na ndiyo maana zinaniuma. Miguu yake ilikuwa na vumbi na joto, na alikuwa akitaja namba kwa sauti ya darasani, akivuta mwisho. Palikuwa na mahali pamoja katikati ya mgongo ambapo kisigino chake kikipita niliuma blanketi. Nilidhani ndipo uchovu ulipojificha. Nikawa namwambia, "Hapo hapo. Simama hapo. Kaza." Naye alikaza kwa uzito wake wote, maana alitaka nipone.

Naandika haya sasa nikiwa natembea, na dawa nilimaliza. Muuguzi mmoja aliniomba nisimulie kwa wale wanaolala chali wakitazama mabati, wasiojua kama watainuka. Sina elimu ya kueleza ugonjwa unavyofanya kazi. Nitaeleza tulivyoishi nao.

Kilichonishtua si maumivu. Ilikuwa ni miguu. Wakati wa kupanda, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, nilikuwa nikitia mbegu kwenye mtaro, na mguu wa kulia ukakataa kutoka kwenye udongo. Niliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Siku tatu baadaye ule wa kushoto nao ukaanza. Zahanati niliyokwenda walinipa vidonge vya maumivu, na kosa halikuwa lao, maana niliwaambia nimebeba mizigo na basi. Wiki mbili nilitembea nikishika ukuta. Kisha mkojo ukaanza kutoka bila kunipa habari, na Wekesa akasema, "Dada, hii si ya kungoja."

Tulikwenda hospitali kubwa, upande wa Bungoma. Shule zilikuwa zimefungwa na Naliaka alikuwa amepata kibarua cha kupalilia, kwa hiyo tukaenda na Nafula. Kwenye foleni nilishindwa kukaa benchi, nikalala sakafuni juu ya leso, watu wakiniruka. Mama mmoja alivuta watoto wake wasinikaribie. Alikuwa ameniangalia, mwembamba, yatima wa miaka ile, akajipa jibu mwenyewe. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimejipa jibu lile lile, mpaka waliponipima damu na kuniambia sina UKIMWI.

Daktari alikuwa kijana na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliiweka picha ya mgongo wangu dirishani akaitazama kwa muda. Kisha akapitisha kidole mgongoni mpaka kikafika kwenye kinundu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekiona.

"Huu mgongo umekuwa ukifanywa nini?"

"Kukandwa tu, daktari."

"Kukandwa vipi?"

"Kukanyagwa. Jioni, nikitoka kazi."

Akaitoa picha dirishani. "Mfupa umelika hivi, halafu mtu anasimama juu yake? Ni nani alikuwa anakukanyaga? Alitaka kukuvunja?"

Nilicheka. Kilikuwa kicheko cha aibu, cha mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mgeni. Nikasema, "Ni huyu," nikamwonyesha Nafula kwa mdomo, vile tunavyoonyesha kuku au sufuria. Alikuwa ameketi karibu na mizani, ameshika ndala zangu mapajani. Daktari hakumtazama hata. Alikuwa tayari anaandika. Ila Nafula alinitazama mimi, kisha akatazama miguu yake.

Walisema ni kifua kikuu, kile kinachoingia kwenye mifupa ya mgongo badala ya mapafu. Sikuwa nimejua kwamba kuna kitu kama hicho. Nililala hospitalini wiki tatu, wakanivalisha koti la plasta kuanzia kwapani hadi kiunoni, wakanirudisha nyumbani na maagizo: kulala juu ya ubao mgumu, sindano kila siku kwa miezi miwili, na vidonge vya karibu mwaka mzima bila kuruka hata siku moja.

Ubao hatukuwa nao. Jirani yetu Mama Ciku, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Murang'a kuja kulima huku, alisikia, akang'oa ubao wa mbele wa kibanda chake cha mboga, ule aliopangia nyanya, akauleta kichwani.

"Mama Ciku, na wewe utauzia wapi?"

"Chini. Nyanya hairingi."

"Sijui nitakushukuru vipi."

"Wee, usinishukuru. Pona unirudishie mbao yangu kabla haijanuka dawa huko."

Aliuzia chini, juu ya gunia, msimu wote wa mvua.

Kila asubuhi Wekesa alikuwa akinipakia kwenye mkokoteni wa karakana, juu ya maranda, akinisukuma hadi kituo cha afya kwa ajili ya sindano, kisha anarudi kazini amechelewa. Njia ilikuwa na mashimo na kila shimo nililijua kwa jina nililolipa mwenyewe. Pale kituoni tulikuwa kundi la wale wale. Kulikuwa na mzee mmoja wa kifua kikuu cha kawaida, aliyeitwa na wote Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha. Kila akiniona alikuwa akisema, "Gari la kifahari limefika. Dereva, usipige honi, kuna wagonjwa." Wekesa alikuwa akicheka. Mimi nilicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili masikio yangu yakaanza kulia mlio kama wa nyenje, usiokoma, kwa sababu ya zile sindano, na maneno ya watu yakanifikia kwa mbali. Siku moja yule mzee hakuja, na kesho yake pia, na hakuna aliyeuliza.

Mwili wangu ulibadilika nikiutazama. Mkojo ukawa na rangi ya machungwa. Mapaja yalipungua mpaka mikono ya Naliaka ikaweza kuyazunguka. Ndani ya plasta ngozi iliwasha, nami nilikuwa nikijikuna kwa mwiko mwembamba, na harufu iliyotoka humo nilijua kila aliyeingia aliisikia. Naliaka, msichana wa miaka kumi na sita, alinibadilisha na kunifulia. Usiku mwingine nilimsikia akiwa nje ananawa mikono kwa muda mrefu mno.

Yeyote anayelala hivyo na asome hapa. Siku mbili niliviweka vidonge chini ya ulimi, na Naliaka alipotoka nikavitema. Nilifanya hesabu yangu: nikiondoka mapema, Wekesa ataoa, Naliaka atamaliza shule, hawatakuwa na mtu wa kusukuma. Siku ya tatu nilimeza. Si kwa sababu nilipata matumaini. Nilimeza kwa sababu ya Nafula, maana nilikuwa nimeanza kumwona.

Alikuwa anatembea kwa ncha za vidole. Mwanzoni tulidhani ni mchezo. Kisha nikaona kwamba hakuwa akikimbia tena uani, hakuruka kamba, hakuketi kitandani kwangu wala kwenye kiti, alichuchumaa tu karibu na mlango. Akiingia ndani alikuwa anaweka mguu chini polepole kama mtu anayepita penye mayai. Na alikuwa anakonda. Sketi ya shule Naliaka aliifunga kwa pini, kisha akaisogeza pini.

"Nafula, mbona huli?"

"Nimeshiba, Dada."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba tu."

Majirani walianza kutazamana. Mkubwa yuko kitandani, na mdogo naye huyo. Ni Naliaka aliyegundua. Mwalimu wa shuleni alimwambia kwamba Nafula alikuwa akimpa mwenzake chakula cha mchana kila siku. Naliaka alimweka chini jikoni, mimi nikisikia kupitia ukuta wa mabati, kati ya mlio wa nyenje wa masikio yangu.

"Si uniambie. Nani anakukataza kukula?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Nikikuwa mzito nitavunja mtu mwingine."

Kisha nikasikia kijiko kikianguka. Nililala nikitazama mabati na nikajua ya kwamba sindano zote zile zilikuwa zinatibu mtu siye. Nilimwita. Nilimwambia si yeye, ni wadudu wa ugonjwa, hata asingenipanda ningeugua. Wekesa alimwambia. Naliaka alimwambia. Mama Ciku akamwambia kwa sauti kubwa. Kila mara alikuwa akiitikia "Ndiyo," kisha anaondoka kwa ncha za vidole. Mtoto akiambiwa neno moja na watu wanne wanaombembeleza, anajua amedanganywa.

Mwezi wa nane sindano zilikuwa zimeisha. Mahindi mabichi yalikuwa tayari, Kitale yote ilinuka mahindi ya kuchoma, na miguu yangu bado ilikuwa imelala. Wekesa alirudi na habari kwamba mwenye karakana anamtuma Bungoma na pikapu kupeleka milango minne, na amekubali atubebe. Shule zilikuwa zimefungwa.

"Tukapeleke Nafula aone maporomoko ya Nabuyole," alisema. "Si alikuwa akiyaimba kila siku kabla hujaugua? Twende wote, tuone dunia kidogo. Tupitie kwa Shangazi pia."

"Na mimi nitaona nini, nikiwa nimelala?"

"Mawingu. Hayo ni ya bure."

Milango ililazwa nyuma ya pikapu, godoro langu likawekwa juu ya milango, nami juu ya godoro, nikafungwa kwa kamba ya katani ili nisiteleze. Naliaka aliketi kichwani kwangu. Nafula alichagua kona ya mbali kabisa, akashika chuma kwa mikono miwili, kana kwamba alitaka kujining'iniza asilemee gari.

Nikaanza utalii wangu chali. Niliona vilele vya mikaratusi, waya za stima, shakwe mmoja mweupe aliyepotea kutoka wapi sijui. Naliaka alinisimulia mengine. Kiminini kulikuwa na harusi. Kamukuywa kulikuwa na ng'ombe amekataa kuvuka daraja na mwenyewe anambembeleza. Hapo Wekesa alisimamisha gari, akaja nyuma, akaniinua mabega polepole.

"Angalia. Leo umetoka wote."

Mlima Elgon ulikuwa wazi kutoka chini hadi juu, buluu, bila wingu. Nimeishi chini ya mlima ule maisha yangu yote na sikuwahi kuutazama kwa dakika nzima, siku zote nilikuwa na mzigo. Nilisema, "Nafula, umeona?" Akasema, "Nimeona," akitazama sakafu ya gari. Mlima ulikuwa mzuri na haukuniambia kitu. Nikaomba nilazwe.

Tulipita Lugulu kengele ya kanisa ikilia, tukapita Webuye bila kusimama ili milango ifike kwanza. Bungoma Wekesa alishusha milango kwa mteja, kisha tukaenda kwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba, nje kidogo ya mji, mahali ambapo vilima vya Sang'alo vinaonekana nyuma ya migomba. Alitoka mbio aliponiona nimelala kwenye gari, mikono kichwani.

"Mayi! Mmeniletea nini?"

"Shangazi, mimi ni mzima."

"Mzima gani huyu? Mumuingize ndani, mumuingize!"

Alichinja kuku. Tulikula ugali wa wimbi, na kwa desturi firigisi ikawekwa mbele ya Wekesa kwa kuwa ndiye mwanamume peke yake pale. Wekesa aliishika, akaizungusha hewani, akasema, "Leo mzee wa nyumba ni Nafula," akamwekea sahanini. Naliaka alipiga makofi. Nafula aliitazama ile firigisi, akairudisha.

"Hata firigisi inakataliwa?" Shangazi alishangaa. "Siku zetu msichana angepigwa kwa kuiangalia tu. Wewe unapewa na unakataa? Kuja hapa." Alimshika mkono, akauzungusha kwa vidole viwili. Kisha akanigeukia mimi, pale nilipolazwa mkekani. "Hii mtoto ibaki kwangu. Nyinyi hamna nguvu ya kulea. Wewe mwenyewe ni wa kulelewa. Nitamlisha hapa, atasoma hapa hapa."

Alisema kwa upendo, na alisema kweli. Na kabla sijafungua mdomo Nafula alikuwa amesimama. Alikwenda kwenye gari kwa ncha za vidole, akachukua sweta yake, akarudi, akasimama kando ya Shangazi, sweta mkononi. Hakulia. Hakuuliza ni kwa muda gani. Alikuwa kama mtu aliyeingoja hukumu muda mrefu na sasa imetajwa, tena nyepesi kuliko alivyodhani.

"Shangazi," nilisema, "asante. Lakini haachwi."

"Ni kiburi hiyo."

"Labda. Haachwi."

Naliaka alichukua ile sweta mkononi mwake akamvalisha. Tuliondoka Shangazi akiwa amenuna, ingawa alituwekea mayai ya kuchemsha kwenye mfuko na kunifunika miguu kwa shuka yake.

Nabuyole tulifika alasiri. Maporomoko niliyasikia kabla ya kufika, hata kwa masikio yangu yale, mngurumo mzito uliopita chini ya gari. Wekesa alitaka kunibeba hadi kwenye mawe. Niliona njia ilivyoteremka nikakataa. Nikawaambia waende wote watatu.

"Mimi nakaa," alisema Nafula.

"Si ni wewe ulitaka kuona maji?" Wekesa aliuliza.

"Mawe yanateleza. Naweza kusukuma mtu."

Wekesa na Naliaka walitazamana wakaenda. Tukabaki sisi wawili kwenye pikapu, yeye kwenye kona yake, mimi nikitazama ukungu wa maji ukipanda juu ya miti. Safari yote ilikuwa kwa ajili yake, na alikuwa amejifungia ndani yake kama alivyokuwa nyumbani. Nilifikiri: nitakufa, na huyu ataishi na jambo hili mpaka awe bibi.

"Nafula. Mbona hutuamini tukikwambia si wewe?"

Akasema, taratibu, bila hasira, "Daktari aliuliza ni nani. Ukasema ni mimi. Ukacheka."

Kwetu mkubwa hamwombi mtoto msamaha. Anaweza kumpa nyama iliyo nzuri zaidi, au kumnunulia kalamu, na mtoto anaelewa. Mama hakuwahi kuniomba msamaha hata siku moja, na alinipenda. Lakini sikuwa na nyama wala kalamu, na mikono yangu haikufika pale alipokuwa.

"Nilikukosea," nilisema. "Daktari aliponiuliza niliona haya, nikakutupia wewe. Ni mimi niliyekuwa nikikuita kila jioni. Ni mimi niliyesema kaza. Ilinipasa kusema, ni mimi. Nisamehe."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kama singekupanda, ungetembea?"

Hapa ndipo sisi sote tulikuwa tumejibu haraka. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni na nikaliacha.

"Sijui, Nafula. Kweli sijui. Anayejua ni daktari."

"Basi tumuulize."

"Nitarudi kwake mwisho wa mwaka. Tutaenda pamoja. Utamuuliza mwenyewe, mbele yangu, na chochote atakachosema tutakisikia sote wawili. Lakini ni mbali, na asiyekula hafiki."

Alifikiri. Akavuta mfuko wa Shangazi, akatoa yai moja, akalimenya polepole, akakusanya maganda yote mkononi. Alikula nusu. Nusu nyingine aliishika mpaka tukafika Kitale, na sijui aliipeleka wapi. Wenzetu walirudi wamelowa, wakisimulia.

Kuanzia siku ile alikuwa anakula kama anayekunywa dawa, kwa kipimo, akitazama mbele. Hakuacha kutembea kwa ncha za vidole. Mavuno yakaja, nikayasikia tu, trela zikipita barabarani. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilitikisika siku moja Naliaka akinipaka mafuta, na hakuna aliyeshangilia, tuliogopa. Wiki sita baadaye nilisimama kwa kushika nguzo mbili ambazo Wekesa alizichimbia uani, nikahesabiwa hadi nne, nikaanguka mikononi mwake. Plasta ilikatwa, nikapewa mkanda mgumu wa ngozi na chuma. Nilipojitazama kwenye kioo cha Mama Ciku niliona mwanamke mfupi kuliko mimi, ameinama upande mmoja, na kinundu hakikuondoka. Hakitaondoka. Ilinichukua muda kumsalimia yule mwanamke.

Siku ya kliniki tulifika mapema, mimi kwa magongo mawili, Nafula na sketi yake ya shule ingawa ilikuwa likizo. Alikuwa ameisuka sentensi yake tangu Nabuyole, nilimsikia akiirudia foleni nzima kwa midomo. Daktari alikuwa yule yule. Aliniambia nitembee, akatazama picha mpya, akasema vizuri, endelea na vidonge. Alikuwa amekwisha shika faili la mtu mwingine.

"Daktari," alisema Nafula. "Lile swali."

"Swali gani, mtoto?"

"Uliuliza ni nani alikuwa anamkanyaga. Ni mimi. Nataka kujua kama ni mimi nilimvunja."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. Niliona wazi kwamba hakukumbuka. Tulikuwa tumeishi chini ya swali lake tangu mvua za kwanza, na yeye alikuwa ameliuliza kama anavyomwambia mtu afunge mlango. Aliweka faili chini. Alivuta kiti, akaketi, hata akawa sawa naye kwa urefu.

"Ugonjwa ulikuwa umeingia kabla hujapanda," alisema. "Huo si wako. Hakuna aliyemletea."

"Na kukanyaga?"

Alisita, nami nikaogopa atasema uongo wetu.

"Kukanyaga hakukumsaidia. Kulimuumiza. Hukujua, na yeye hakujua, na mimi nilikosea kuuliza vile."

"Asante, daktari," alisema Nafula, kama wanavyofundishwa shuleni.

Tulitoka. Tulipofika katikati ya kile chumba cha kungojea, penye mabenchi, alisimama na akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu mwezi wa nne, hata kidogo. Alilia kwa mdomo wazi, kwa sauti iliyofanya watu wote wageuke, mabega yakiruka, akipiga sakafu kwa visigino vya miguu yote miwili. Mwanamke mmoja alisema, "Mnyamazishe mtoto, watu ni wagonjwa hapa."

"Mwache," nilisema.

Mkanda haukuniruhusu kuinama. Sikuweza kumshika, sikuweza kupiga magoti wala kumfuta uso. Nilisogeza magongo yangu mpaka bega langu likagusa ukuta, nikasimama pale karibu naye, watu wakitutazama, mpaka akamaliza.